Kihisio cha torki cha gharama nafuu kwa vifaa vya utengamao

Kihisio cha torki ni kifaa kinachopima nguvu ya kuzungusha na kuigeuza kuwa ishara ya umeme inayosomwa kama namba. Katika huduma za utengamao, yaani huduma za kumrudishia mtu uwezo wa mwili wake baada ya ajali, ugonjwa au upasuaji, kihisio hiki hufungwa kwenye mashine ya mazoezi ya goti, kiwiko, bega au kifundo. Kazi yake ni kuonyesha misuli ya mgonjwa inatoa nguvu kiasi gani kuzunguka kiungo hicho, na mashine nayo inamsukuma kwa kiasi gani.

Vihisio vya maabara na viwanda ni ghali, na mashine kamili za kupima nguvu za misuli ni ghali zaidi. Kihisio cha gharama nafuu hutumia vipuri vya aina ileile iliyomo ndani ya mizani ya kidijiti ya dukani. Vipuri hivyo hupatikana kwa urahisi. Kazi kubwa ni kuvifunga ipasavyo na kuvifanyia ugezi, yaani kuvilinganisha na uzito unaojulikana, ili namba inayoonekana iweze kuaminiwa na mtaalamu anayemtibu mgonjwa.

Makala hii inaeleza jinsi vihisio hivyo vinavyosanifiwa, kwa kuzingatia mazingira ya mikoa ya Shinyanga na Geita nchini Tanzania, ambako uchimbaji wa dhahabu na almasi ni sehemu ya maisha ya watu wengi.

## Maana ya torki

Torki ni uwezo wa kani kuzungusha kitu. Fundi anayefungua nati hutumia spana ndefu kwa sababu kani ileile huzungusha zaidi inapowekwa mbali na kitovu. Torki hupatikana kwa kuzidisha kani kwa umbali wake kutoka kwenye mhimili:

T = F × r

Kani (F) hupimwa kwa nyutoni, umbali (r) kwa mita, na torki (T) kwa nyutoni-mita, kifupi Nm. Umbali unaohesabiwa ni ule unaofanya pembe mraba na mwelekeo wa kani.

Kwa mfano, jiwe la mizani la kilo 10 likining'inizwa kwenye mkono wa chuma uliolala, sentimita 30 kutoka kwenye mhimili, huleta torki ya 10 × 9.78 × 0.30, yaani karibu Nm 29.3. Namba 9.78 ni mchapuko wa graviti. Vitabu vingi vya shule hutumia 9.81 au 10, lakini karibu na ikweta, katika nyanda zilizo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari kama Shinyanga na Geita, thamani yake ni takriban 9.78. Tofauti na 9.81 ni asilimia 0.3 tu. Hata hivyo, anayetumia 10 huongeza kosa la zaidi ya asilimia 2 kabla hajaanza kupima.

## Kwa nini torki ya kiungo hupimwa

Njia ya kawaida ya kupima nguvu za misuli hospitalini ni mikono ya mtaalamu wa fiziotherapia. Hutumia ngazi sita, kuanzia 0 hadi 5, zilizotokana na kazi ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia:

- 0: msuli haukazi kabisa
- 1: msuli unatikisika bila kiungo kusogea
- 2: kiungo kinasogea kikiondolewa uzito wake
- 3: kiungo kinainuka dhidi ya uzito wake chenyewe
- 4: kiungo kinainuka na kushindana na mkono wa mtaalamu, lakini si kwa nguvu kamili
- 5: nguvu ya kawaida

Njia hii haihitaji kifaa chochote, ni ya haraka, na hutumika duniani kote. Udhaifu wake uko kwenye ngazi ya 4, na hesabu ndogo inauonyesha. Mguu kuanzia goti hadi kwenye unyayo una takriban asilimia 6 ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kilo 4.3 hivi, na kitovu cha uzito huo kiko karibu sentimita 26 kutoka kwenye goti. Kuunyoosha mguu hadi ulale sawa na ardhi kunahitaji torki ya takriban Nm 11. Goti la mtu mzima mwenye afya na nguvu linaweza kutoa zaidi ya Nm 150.

Kwa hiyo mgonjwa anayeweza tu kuinua mguu wake, ngazi ya 3, anatumia chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu ya kawaida. Karibu sehemu yote iliyobaki, kutoka Nm 11 hadi 150, imo ndani ya ngazi ya 4. Mgonjwa aliyetoka Nm 30 hadi Nm 90 kwa miezi mitatu anaweza kuandikwa "4" mwanzoni na "4" mwishoni. Yeye anaweza kukata tamaa akidhani hajapiga hatua, na mtaalamu anakosa msingi wa kuamua kama mazoezi yaongezwe au yabadilishwe.

Kipimo cha Nm hutatua tatizo hilo. Pia huwezesha kulinganisha mguu ulioumia na ule mzima wa mtu huyohuyo, jambo ambalo mara nyingi hufaa kuliko kumlinganisha na watu wengine.

## Mazingira ya Shinyanga na Geita

Shinyanga na Geita ni mikoa jirani iliyoko kusini mwa Ziwa Viktoria. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega maeneo ya mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Ukanda huu una Mgodi wa Dhahabu wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, mgodi wa Bulyanhulu katika eneo la Kahama, ulioanza mwaka 2001, na mgodi wa almasi wa Mwadui, ambao chanzo chake ni ugunduzi wa John Williamson wa mwaka 1940. Kando ya migodi hiyo wako wachimbaji wadogo wanaoshuka kwenye maduara kwa kamba na ngazi, kupandisha viroba vya mawe, na kuyasaga kwenye makarasha.

Kazi hiyo ina ajali za kuporomoka kwa miamba, kuanguka na kubanwa na mashine. Mwaka 2015 machimbo ya Nyangarata, Kahama, yaliporomoka, na wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Januari 2017 watu 15 waliokolewa baada ya kunaswa kwa siku kadhaa katika mgodi mmoja mkoani Geita. Habari za uokoaji kwa kawaida huishia mtu anapotolewa shimoni. Kwa aliyevunjika paja, aliyepondwa mguu au aliyeumia uti wa mgongo, safari ndefu huanza hapo. Misuli hupungua haraka kiungo kinapofungwa hogo, na swali la lini mtu anaweza kushuka tena kwenye duara ni swali la usalama wake na la riziki ya familia yake. Ajali za pikipiki na kiharusi huongeza wagonjwa wenye mahitaji kama hayo.

Jambo jingine ni zebaki, inayotumiwa na wachimbaji wadogo kukamatia dhahabu. Mvuke wake huathiri mishipa ya fahamu na unaweza kuleta mtetemo wa mikono na mwendo usio imara. Afya ya wakazi wa Rwamagasa, Geita, ilichunguzwa mwaka 2003 katika mradi wa kimataifa wa zebaki wa UNIDO. Kihisio cha torki kinaweza kupima mtetemo kama huo, mradi kiwe na kasi ya kutosha, kama inavyoelezwa hapa chini.

Hospitali za rufaa za mikoa ndizo hupokea wagonjwa wengi, na wenye mahitaji makubwa hupelekwa katika Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Chato mkoani Geita. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa haja ya kusubiri kivuko kati ya Geita na Mwanza. Hata hivyo utengamao huhitaji mgonjwa kurudi mara nyingi kwa miezi, na nauli ya kila safari hubaki kuwa mzigo. Kifaa kinachoweza kutengenezwa, kukaguliwa na kukarabatiwa karibu na mgonjwa kina faida ambayo mashine ghali iliyo mbali haina.

## Historia

Kipuri muhimu zaidi cha vihisio hivi ni geji ya mvutiko. Mvutiko ni kiasi ambacho kitu hurefuka au kufupika kikilinganishwa na urefu wake wa awali. Geji yenye waya iliyobandikwa juu ya chuma ilibuniwa Marekani mwaka 1938 na watu wawili waliofanya kazi kila mmoja peke yake: Edward Simmons huko California na Arthur Ruge huko Massachusetts. Sakiti inayoisoma ni ya zamani zaidi. Samuel Hunter Christie aliieleza mwaka 1833, na Charles Wheatstone aliieneza mwaka 1843, hivyo ikaitwa daraja la Wheatstone.

Katika fiziotherapia, Helen Hislop na James Perrine walichapisha mwaka 1967 maelezo ya mazoezi ya mwendo usiobadilika kasi, ambapo mashine huzuia kiungo kisizidi kasi iliyowekwa huku ikipima torki. Mashine za aina hiyo bado ndizo kipimo ambacho vifaa vingine hulinganishwa nacho. Katika miaka ya 1990 Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT) kilitengeneza MIT-Manus, roboti ya kuwasaidia wagonjwa wa kiharusi kufanya mazoezi ya mkono. Mwaka 1995 Gill Pratt na Matthew Williamson wa chuo hichohicho walieleza mota yenye springi, ambayo hupima torki kwa kuangalia springi imejipinda kiasi gani.

Upande wa bei, badiliko kubwa lilitokana na mizani ya kidijiti. Mahitaji yake duniani yaliwafanya watengenezaji wazalishe kwa wingi geji na chipu za kuzisoma, hadi vipuri hivyo vikawa vya bei ndogo.

## Jinsi geji inavyofanya kazi

Shafti ya chuma inaposokotwa, uso wake huvutika kwa mwelekeo wa nyuzi 45 kutoka kwenye mhimili na kubanwa kwa mwelekeo wa nyuzi 45 upande wa pili. Geji zikibandikwa kwenye mielekeo hiyo, ukinzani wake wa umeme hubadilika: inayovutwa huongeza ukinzani, inayobanwa huupunguza.

Badiliko hilo ni dogo sana. Chukua shafti ya chuma yenye kipenyo cha milimita 20 iliyopata torki ya Nm 50. Uso wake huvutika takriban sehemu 200 tu kwa milioni. Geji ya kawaida ya metali hubadilisha ukinzani mara mbili ya mvutiko, hivyo ukinzani wake hubadilika sehemu 400 kwa milioni. Geji yenye omu 350 hubadilika kwa omu 0.14.

Ili kusoma badiliko dogo hivyo, geji nne hupangwa katika daraja la Wheatstone, mbili zikivutwa na mbili zikibanwa. Daraja likipewa volti 5, torki ya Nm 50 hutoa milivolti 2. Ishara hiyo hupelekwa kwenye amplifaya na kugeuzwa kuwa namba. Chipu maarufu kwa kazi hii ni HX711, iliyotengenezwa kwa ajili ya mizani: hukuza ishara mara 128, hutoa namba za biti 24, na husoma mara 10 au 80 kwa sekunde. Baada ya hapo maikrokontrola ndogo huigeuza namba kuwa Nm na kuionyesha kwenye kioo au simu.

## Njia za gharama nafuu

### Kupima mkondo wa mota

Torki ya mota ya umeme mkondo mnyofu hulingana na mkondo unaopita ndani yake. Njia hii karibu haina gharama, kwa kuwa inahitaji kipima mkondo tu. Tatizo ni gia. Msuguano wa gia hula sehemu ya torki, na kiasi hicho hubadilika kadiri grisi inavyopata moto au kukauka. Mgonjwa dhaifu anaweza kusukuma bila mota kuhisi chochote. Njia hii hufaa kama tahadhari ya ziada ya usalama, lakini haifai kuandikwa kwenye faili la mgonjwa kama kipimo cha nguvu.

### Kupima mpindo wa springi

Springi ngumu huwekwa kati ya mota na kiungo, na pembe ya kujipinda kwake hupimwa kwa chipu ya sumaku. Chipu ya AS5600, kwa mfano, hugawa mzunguko mmoja katika hatua 4,096, yaani nyuzi 0.088 kwa hatua. Springi yenye ugumu wa Nm 100 kwa radiani ikitumika, hatua moja ni sawa na Nm 0.15. Springi pia hulainisha mshtuko, jambo zuri kwa kiungo kinachouma. Upungufu wake ni kwamba springi huchoka, na nafasi ndogo kati ya vipuri vilivyolegea husomwa kama torki.

### Seli ya mzigo na wenzo

Seli ya mzigo ni kipande cha alumini chenye geji nne zilizokwisha kubandikwa kiwandani. Ndiyo iliyomo ndani ya mizani ya kidijiti. Badala ya kupima msokoto wa shafti, seli huwekwa ili ishike ncha ya wenzo uliofungwa kwenye mhimili. Torki ni kani inayosomwa na seli mara urefu wa wenzo.

Seli ya kilo 50 kwenye wenzo wa sentimita 20 hupima hadi Nm 98 hivi, kiasi kinachotosha kwa kiwiko au kifundo. Kwa goti lenye nguvu, seli ya kilo 100 kwenye wenzo huohuo hufikia Nm 196. Hii ndiyo njia inayowafaa zaidi wanaoanza. Kazi ngumu ya kubandika geji imekwisha fanyika, seli iliyoharibika hubadilishwa kwa dakika chache, na fundi mchomeleaji mwenye mashine ya kukerezea anaweza kutengeneza sehemu zilizobaki.

### Geji juu ya shafti

Njia hii hutoa kihisio kidogo na imara, lakini huhitaji mkono wenye subira. Chuma husuguliwa kwa msasa laini, husafishwa mafuta, huchorwa mistari ya nyuzi 45, kisha geji hubandikwa. Gundi ya haraka ya sianoakrilate hufaa kwa majaribio ya muda mfupi, na epoksi iliyokaushwa kwa joto hudumu zaidi. Geji iliyobandikwa vibaya huonekana nzima, lakini namba zake hutambaa polepole chini ya mzigo usiobadilika.

## Mambo ya kuzingatia katika usanifu

Upeo wa kipimo. Kifundo cha mkono hutoa karibu Nm 10, kiwiko Nm 50 hivi, na goti zaidi ya Nm 150. Kihisio kimoja hakifai kwa vyote. Kosa la Nm 2 ni dogo kwa goti lenye afya, lakini ni sehemu moja ya tano ya nguvu ya kifundo cha mkono.

Kizuizi cha mzigo kupita kiasi. Mgonjwa anaweza kupata mkakamao wa ghafla, au mtu akaegemea mashine. Kipande cha chuma kinachopokea mzigo baada ya seli kujipinda kiasi kilichopangwa huikinga isiharibike.

Kutenganisha kani. Kihisio kinapaswa kupima msokoto peke yake. Uzito wa mguu na mvuto wa mikanda hukunja shafti pembeni, na mkunjo huo unaweza kuonekana kama torki. Suluhisho ni kuishika shafti kwa beringi mbili ili kani za pembeni ziishie kwenye fremu.

Joto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Geji moja iliyotengenezwa kwa ajili ya chuma, ikibandikwa kwenye alumini, huonyesha mvutiko wa uongo wa karibu sehemu 120 kwa milioni joto likipanda nyuzi 10. Hiyo ni zaidi ya nusu ya ishara ya Nm 50 katika mfano uliotangulia. Katika chumba ambacho asubuhi ni nyuzi 20 na mchana ni nyuzi 30, kihisio cha namna hiyo kingemwonyesha mgonjwa "amepona" ifikapo saa nane mchana. Daraja la geji nne huondoa sehemu kubwa ya kosa hilo, kwa kuwa zote hupata joto pamoja na athari zake hufutana.

Vumbi na unyevu. Geji hufunikwa kwa silikoni isiyo na harufu ya siki, kwa sababu asidi inayotoka kwenye silikoni yenye harufu hiyo hula shaba ya nyaya.

Umeme. Umeme ukikatika na kurudi, mashine nyingi hujiweka sifuri zenyewe. Mguu wa mgonjwa ukiwa tayari umefungwa ndani, uzito wake huhesabiwa kuwa sifuri na vipimo vyote vinavyofuata huwa na kosa. Ni bora sifuri iwekwe na mtu kwa kubonyeza kitufe baada ya kuhakikisha mashine haina mzigo, na kihisio kitumie betri.

Uzito wa kiungo. Nm 11 za mguu wa mfano wa hapo juu zinatosha kupotosha kipimo cha mgonjwa dhaifu. Mashine hupima kwanza mguu uliolegezwa, kisha huongeza au kutoa uzito huo kulingana na pembe ya goti.

Kasi ya kusoma. Mara 10 kwa sekunde zinatosha kwa msukumo wa polepole. Mtetemo wa mikono kwa kawaida huwa mara 4 hadi 12 kwa sekunde, na ili uonekane kihisio lazima kisome angalau zaidi ya mara mbili ya kasi hiyo. Hapo HX711 inapaswa kuwekwa kwenye mara 80.

## Ugezi

Ugezi ni kulinganisha namba za kifaa na kiasi kinachojulikana. Bila ugezi, kihisio huonyesha tu kwamba kitu kimeongezeka au kimepungua. Hatua zake ni hizi:

1. Wenzo wa chuma wenye urefu unaojulikana, kwa mfano sentimita 50, hufungwa kwenye mhimili na kusawazishwa kwa pima maji. Ukiwa umeinama nyuzi 10, torki hupungua kwa asilimia 1.5.
2. Mzigo mkubwa zaidi huning'inizwa na kuondolewa mara tatu ili vipuri vikae mahali pake, kisha sifuri huwekwa.
3. Mizigo ya kilo 2, 4, 6, 8 na 10 huwekwa kwa zamu, na namba ya kila mmoja huandikwa. Kila kilo 2 kwenye wenzo huo ni Nm 9.78, na kilo 10 ni Nm 48.9.
4. Mizigo huondolewa kwa mpangilio wa kinyume, na namba huandikwa tena. Tofauti kati ya kupanda na kushuka huonyesha msuguano au kulegea.
5. Hatua zote hurudiwa kwa upande wa pili wa mzunguko.
6. Namba huwekwa kwenye grafu. Zikifuata mstari ulionyooka, mwinamo wa mstari huo ndio unaogeuza namba za chipu kuwa Nm. Umbali wa nukta iliyo mbali zaidi na mstari ndio kosa linalopaswa kuandikwa kwenye kifaa.

Urefu wa wenzo hupimwa kwa makini: kosa la milimita 5 katika sentimita 50 ni asilimia 1 ya torki.

Mizigo yenyewe haihitaji kuwa ya bei kubwa. Mifuko ya mchanga au madumu ya maji hutosha yakipimwa kwenye mizani iliyohakikiwa. Katika eneo la wanunuzi wa pamba, nafaka na dhahabu, mizani ni chombo cha kila siku, na Wakala wa Vipimo huihakiki na kuiwekea alama. Inayofaa kwa kazi hii ni mizani ya nafaka au pamba, kwa kuwa ya dhahabu hupima gramu. Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoanzishwa mwaka 1975, lina maabara ya ugezi kwa wanaohitaji kiwango cha juu zaidi.

Ugezi kamili hurudiwa kila kifaa kinapokarabatiwa, kuhamishwa au kuangushwa. Kila asubuhi hutosha kuning'iniza mzigo mmoja uleule na kuandika namba yake kwenye daftari. Namba ikianza kuhama siku hadi siku, kifaa huwekwa kando kabla hakijampotosha mtu.

Kosa la asilimia 3 linakubalika pale mtaalamu anapotafuta badiliko la asilimia 20 kwa mwezi. Kosa lisilojulikana halikubaliki, hata kama ni dogo, kwa sababu hakuna anayeweza kutenganisha nafuu ya mgonjwa na hitilafu ya mashine.

## Usalama na usimamizi

Mashine inayosukuma kiungo kwa mota ni hatari zaidi kuliko inayopima tu. Kihisio hakipaswi kuwa kinga pekee. Huhitajika pia vizuizi vya chuma vinavyozuia kiungo kupita pembe salama, swichi ya dharura iliyo mkononi mwa mgonjwa, na mpango wa mota kujizima pale waya wa kihisio unapokatika.

Nchini Tanzania vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na utafiti unaohusisha wagonjwa huhitaji kibali cha maadili, kikiwemo kile kinachotolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Kifaa cha mafunzo kilichotengenezwa chuoni kinaweza kupimwa kwa mizigo ya mchanga bila kugusa mgonjwa, na hatua hiyo hutangulia nyingine zote. Mafundi wa VETA na karakana za SIDO wana ujuzi wa kuchomelea na kukereza unaohitajika, na Chuo cha Mafundi wa Viungo Bandia (TATCOT) mjini Moshi kimekuwa kikifundisha wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu mwaka 1981.

## Mipaka ya kipimo

Torki ni sehemu moja ya afya ya kiungo. Mgonjwa anayeogopa maumivu hutoa torki ndogo hata kama misuli yake imerudi, na mwenye torki kubwa anaweza kukosa usawa wa kusimama kwenye ngazi ya duara. Kipimo hubadilika pia kulingana na pembe ya kiungo, mikanda ilivyofungwa na maneno ya kumhimiza mgonjwa, hivyo mambo hayo hupaswa kuwa yaleyale kila anaporudi. Uamuzi wa lini mtu arejee kazini hufanywa na wataalamu wanaomhudumia pamoja na yeye mwenyewe, wakiitumia namba ya kihisio kama ushahidi mmojawapo.